Usikimbizane na Maswali: Ushauri kwa Mwalimu Anayejiandaa na Usaili

Kwa miaka mingi kijana wa Tanzania akimaliza chuo cha ualimu alirudi nyumbani kusubiri kupangiwa kituo. Siku hizi anaomba kazi kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, jina likipita anaitwa kwenye usaili, na kinachomsubiri kwanza ni karatasi ya maswali. Chumba kimoja kinakusanya wahitimu wa miaka tofauti. Aliyemaliza juzi bado ana madesa ya chuo kichwani. Aliyemaliza zamani amekuwa akifundisha tuisheni, akiuza duka au akilima huku akingoja tangazo.

Nawaandikia wote, lakini hasa hawa wa pili, kwa sababu naona wanavyojiandaa na inaniuma. Wanajiunga na makundi ya WhatsApp na Telegram, wanapakua mafaili ya maswali mamia kwa mamia, majibu yakiwa yamepangwa mwishoni kwa herufi tu: 1 B, 2 D, 3 A. Wanayapitia usiku kucha wakidhani wanasoma. Wapo wanaolipia hata maswali yanayodaiwa kuvuja, kwa pesa waliyoipata kwa jasho, wakapewa karatasi ambayo mtu yeyote angeitunga kwa mchana mmoja. Siku ya mtihani swali linakuja kwa sura nyingine, na ile herufi waliyoikariri haina msaada.

Ninachowashauri ni hiki: chukua maswali machache, na usiliache swali mpaka uweze kueleza kwa nini jibu sahihi ni sahihi na kwa nini kila moja ya yale mengine si sahihi. Eleza kwa sauti, mbele ya mtu. Wewe ni mwalimu. Ulifundishwa kutunga mtihani. Unajua kwamba swali la kuchagua lina shina, lina jibu, na lina vipotoshi. Kipotoshi kizuri hakitungwi ovyo. Mtunzi hukaa akajiuliza: mtahiniwa ambaye hajaelewa vizuri atakosea wapi? Lile kosa ndilo analoliandika kama chaguo A au C. Kwa hiyo anayepitia majibu sahihi peke yake anaiacha robo tatu ya elimu iliyomo ndani ya swali.

Maeneo yanayowasumbua wengi ni matatu: mantiki, saikolojia ya elimu, na kusoma kwa ufahamu. Si hapa kwetu tu. Mtihani wa Praxis unaotumika katika majimbo mengi ya Marekani una karatasi ya kusoma na karatasi nyingine ya kanuni za kujifunza na kufundisha. Nchini China, mtihani wa sifa za ualimu unaweka maswali ya mantiki na ya ufahamu katika karatasi moja, na saikolojia katika nyingine. Sababu ni ya kazi yenyewe. Mwalimu kutwa nzima anasikiliza hoja za watoto, anakisia kinachoendelea vichwani mwao, na anasoma maandishi ya watu wengine.

Tuanze na mantiki, maana ndiyo inayotisha. Wengi wanaiita chemshabongo na kuwaachia wenye akili za hisabati. Soma hili:

Kila aliyefaulu usaili wa maandishi aliitwa kwenye mahojiano. Asha aliitwa kwenye mahojiano. Je, ni lazima Asha awe alifaulu usaili wa maandishi?

Wanaojibu ndiyo ni wengi, na wanajibu haraka. Lakini rudi kwenye sentensi ya kwanza. Imesema waliofaulu wote waliitwa. Haikusema kwamba walioitwa ni hao tu. Pengine kuna walioitwa kwa utaratibu mwingine. Hatuwezi kujua kuhusu Asha. Sasa mbadilishe mtu: Juma hakuitwa kwenye mahojiano. Hapa tunajua kwa hakika kwamba hakufaulu, kwa sababu angefaulu angeitwa.

Sentensi yoyote ya namna ya "kama hiki, basi kile" ina njia nne za kuulizwa. Hiki kipo: kile kipo. Kile hakipo: hiki hakipo. Hizo mbili ni za uhakika. Hiki hakipo: hatujui. Kile kipo: hatujui. Usizikariri kama sala. Tunga sentensi zako mwenyewe za nyumbani kwako na uzipitishe kwenye njia zote nne. Kama mvua imenyesha usiku, uwanja umelowa. Uwanja umelowa, je, mvua ilinyesha? Huenda mtu kamwaga maji. Ukifanya hivyo kwa sentensi tano sita, utaanza kuona kosa hili hata kwenye taarifa ya habari.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, alieleza jaribio la kadi ambalo kila mwalimu angefaa kulijaribu. Kuna kadi nne mezani. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaona A, K, 4 na 7. Kanuni inasema: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi ni lazima uzigeuze ili kujua kama kanuni imevunjwa?

Simama kidogo ufikiri kabla ya kuendelea.

Watu wengi, wakiwemo wasomi, huchagua A na 4. Jibu ni A na 7. Kadi ya 4 haina hatari: hata ikiwa na K nyuma yake, kanuni haikusema kwamba konsonanti haziruhusiwi kuwa na namba shufwa. Ile ya 7, ambayo ni witiri, ndiyo inayoweza kuwa imeficha irabu nyuma yake, na hapo kanuni itakuwa imevunjika. Baadaye, mwaka 1982, Richard Griggs na James Cox walilibadilisha swali hilo kuwa la bia na umri: anayekunywa bia awe ametimiza umri wa kisheria. Kimantiki swali ni lilelile, lakini safari hii watu wengi walilipata. Hakuna anayepoteza muda kumkagua mzee wa miaka hamsini au anayekunywa soda. Unamkagua mwenye bia na unamkagua kijana mdogo.

Hapo kuna mbinu ya mtihani. Ukikutana na swali la mantiki lililovaa herufi na namba, livue, ulivalishe kanuni ya shuleni. Mwanafunzi anayetoka getini wakati wa masomo awe na kibali. Nani akaguliwe? Anayetoka, na asiye na kibali. Ukishaliona hivyo, rudi kwenye herufi zako.

Aina nyingine ni ya "wote" na "baadhi". Walimu wote wa Hisabati wa shule fulani wanafundisha Kidato cha Kwanza. Baadhi ya wanaofundisha Kidato cha Kwanza ni walimu wa kujitolea. Je, ni lazima baadhi ya walimu wa Hisabati wawe wa kujitolea? Usilijibu kwa kichwa, chora. Duara dogo la walimu wa Hisabati liwe ndani ya duara kubwa la Kidato cha Kwanza. Sasa jaribu kuchora duara la wanaojitolea kwa namna ambayo litagusa duara kubwa bila kugusa dogo. Umeweza? Basi hitimisho si la lazima. Angalia ulichokifanya: hukutafuta mchoro unaokubaliana na hitimisho, ulitafuta unaolikataa. Mtahiniwa asiyefundwa huchora ule unaokubali, anaridhika, anakosea.

Mfululizo wa namba sitamaliza wino juu yake. 2, 6, 12, 20, 30: tafuta tofauti kati ya namba na namba, utapata 4, 6, 8, 10, inayofuata ni 12, jibu 42. Zikikataa tofauti, jaribu kugawanya, au tenga namba za nafasi ya kwanza, ya tatu na ya tano peke yake. Zikikataa bado, ruka, utarudi.

Saikolojia ya elimu ni tofauti. Hapa tatizo ni wingi wa majina. Pavlov, Skinner, Bandura, Piaget, Vygotsky, Erikson, Maslow. Mhitimu anawajua wote kama orodha na hajui hata mmoja kama mtu aliyekuwa na hoja. Mtihani siku hizi hauulizi sana "nani alisema". Unakupa tukio la darasani na kukuuliza linaelezwaje.

Swali: Mwalimu anawaambia wanafunzi kwamba watakaomaliza zoezi vizuri kabla ya kengele hawatapewa kazi ya nyumbani. Mbinu hii ni ipi? A, adhabu. B, uimarishaji chanya. C, uimarishaji hasi. D, uzimishaji wa tabia.

Jibu ni C, na ni swali linalowaangusha wengi kwa sababu wanasoma "hasi" kama "mbaya". Kwa Skinner, chanya ni kuongeza kitu na hasi ni kuondoa kitu. Uimarishaji ni chochote kinachofanya tabia ijirudie zaidi; adhabu ni kinachoifanya ipungue. Mbele ya kila swali la namna hii uliza mambo mawili tu. Kuna kitu kimewekwa au kimeondolewa? Tabia inalengwa iongezeke au ipungue? Hapa kimeondolewa kitu wasichokipenda, na bidii inalengwa iongezeke. Sasa fanya kazi ya vipotoshi. Lingekuwa B kama mwalimu angegawa nyota au kupiga makofi. Lingekuwa A kama angewaongezea kazi wapiga kelele, au kuwanyima mapumziko. Lingekuwa D kama angeacha kuitikia tabia ambayo mwanzo aliizoesha kwa kuitikia, mpaka ikafa yenyewe. Umelichambua swali moja na mkononi una manne.

Chukua jingine. Neema wa darasa la tatu akiwa peke yake anashindwa kujumlisha kwa kubeba. Akikaa na mwenzake anayemuuliza maswali ya kumwongoza, anaweza. Wengi watamrukia Bandura kwa sababu wameona neno "mwenzake", na Bandura wanamkumbuka kwa kujifunza kwa kuiga. Lile jaribio lake la mwaka 1961 la watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere nao wakampiga linakaa kichwani. Lakini Neema hakuiga. Hakumtazama mwenzake akifanya kisha naye akafanya. Amesaidiwa kuvuka kutoka anachokiweza peke yake hadi anachokiweza akishikwa mkono, na hiyo ni hoja ya Lev Vygotsky. Piaget naye angetazama upande mwingine: angetaka kujua kama fikra ya Neema imefikia hatua ya kuweza jambo hilo.

Piaget usimsome kwenye karatasi peke yake ikiwa nyumbani kuna mtoto wa miaka minne au mitano. Chukua glasi mbili zinazofanana, tia maji sawa, mwulize mtoto kama yako sawa. Akikubali, mimina ya glasi moja kwenye chombo chembamba na kirefu, mbele ya macho yake. Mwulize tena. Kuna uwezekano mkubwa atakuambia kwenye kile kirefu yamezidi. Usimrekebishe; mwulize kwa nini, umsikilize. Kisha mfanyie kaka yake wa miaka minane. Atakushangaa kwa kuuliza jambo la wazi hivyo. Umri ambao Piaget alizitenganisha hatua hizi mbili ni kama miaka 7, na mtu aliyelifanya jaribio hili jikoni kwao hataichanganya tena hatua ya kabla ya utendaji na ile ya utendaji wa vitu halisi. Nawasihi mlifanye. Ni dakika tano, na mtoto anafurahi.

Kusoma kwa ufahamu kunadharauliwa. Watu wanasema, "Mimi kusoma najua." Wanajiandaa kwa mengine yote na hili wanaliachia bahati. Hiki ni kifungu nilichokitunga kwa zoezi:

Shule moja ya msingi kando ya ziwa ilianza kutoa uji saa nne asubuhi. Mwaka uliofuata mahudhurio ya darasa la kwanza na la pili yalipanda, lakini ya darasa la sita na la saba yalibaki yalivyokuwa. Mwalimu mkuu alieleza kwamba uji umewavuta watoto wadogo. Wazazi wa wanafunzi wakubwa walisema vijana wao hawakosi shule kwa njaa, bali kwa dagaa: usiku wa giza wanahitajika kwenye uvuvi, na asubuhi wanakuwa mwaloni.

Ni kauli ipi inaungwa mkono na kifungu? A, uji uliongeza mahudhurio ya shule nzima. B, kwa maelezo ya wazazi, utoro wa wanafunzi wakubwa una chanzo ambacho uji haukigusi. C, shule za kando ya ziwa zinapaswa kuwapa wanafunzi uji. D, wazazi wa wanafunzi wakubwa hawathamini elimu.

Jibu ni B. Lakini kaa na hayo mengine. A imechukua ukweli wa madarasa mawili na kuutandaza shule nzima. C ni jambo jema, yaelekea hata wewe unaliamini, na huo ndio mtego wake: mtahiniwa anachagua kauli anayoikubali badala ya kauli iliyomo kwenye kifungu. D imeingiza hukumu ambayo haikuandikwa popote. Kumhitaji kijana kwenye uvuvi na kudharau elimu ni mambo mawili. Mitego hii mitatu, ya kutandaza, ya kukubalika na ya kuhukumu, utaikuta kwenye vifungu vya kila somo. Weka kidole kwenye mstari unaoliunga mkono jibu lako. Ukikosa pa kuweka kidole, jibu hilo ni lako wewe, mwandishi hakulisema.

Na soma tena maneno ya mwalimu mkuu. Uji ulianza, mahudhurio yakapanda, kwa hiyo uji ndio uliyapandisha? Inawezekana. Lakini kifungu hakikusema kama mwaka huo kulikuwa na jambo jingine lililobadilika. Swali likija la "ni taarifa gani ingedhoofisha maelezo ya mwalimu mkuu", jibu lake liko kwenye mantiki. Ndiyo maana sipendi watu wanaojifunza haya matatu kwa wiki tofauti tofauti. Changanya. Kaa na maswali tisa: matatu ya mantiki, matatu ya saikolojia, matatu ya ufahamu, yamevurugwa. Mtihani hautakupigia hodi kukuambia sasa tunaingia sehemu ya Skinner.

Kuhusu kukumbuka, kuna utafiti ambao kila mwalimu angepaswa kuujua, kwa faida yake na ya wanafunzi wake. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Kundi jingine lilikisoma mara moja, kisha likaandika mara tatu kila lilichokikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, walikumbuka asilimia 40, na wale waliojipima asilimia 61. Kusoma tena na tena kunakupa raha ya kudhani unajua. Kufunga daftari na kujiuliza kunaumiza kichwa, na wiki ikipita ndiko kunakobaki.

Kwa hiyo daftari lako la maandalizi liwe la makosa. Si la muhtasari. Muhtasari umeshaandikwa vitabuni. Kila ukikosa swali, andika ulichagua nini, nini kilikuvuta, na kanuni gani ingekuokoa, kwa maneno yako. "Nilichagua adhabu kwa sababu ya neno hasi." Baada ya siku tatu funika maelezo, jibu swali upya. Baada ya wiki, tena. Ukilipata mara mbili bila kusita, liweke pembeni. Utashangaa kuona makosa yako ni ya aina chache tu zinazojirudia kwa nguo tofauti.

Tafuta mwenzako mmoja, wawili wakizidi. Kila jioni mmoja alete swali alilolitunga mwenyewe na vipotoshi vyake, mwingine alichambue. Kutunga kunafundisha kuliko kujibu, maana unalazimika kuwaza kosa la mtu. Kama karatasi yako itakuja kwa Kiingereza, elezaneni kwanza kwa Kiswahili mpaka hoja ikae, halafu rudieni kwa Kiingereza. Mwenye kulielewa jambo hababaishwi na lugha kama yule aliyekariri sentensi asiyoijua undani wake. Na ukivuka mchujo ukaitwa kwenye mahojiano ya ana kwa ana, hayo maelezo ya kila jioni ndiyo utakayoyatoa mbele ya jopo.

Siku yenyewe, kabla ya kushika kalamu soma maelekezo. Angalia kama jibu lisilo sahihi linakatwa alama. Kama halikatwi, usiache swali tupu. Gawa dakika kwa idadi ya maswali, na linalokula mara mbili ya mgao wake liweke alama uliache. Katika ufahamu soma swali kwanza, kisha kifungu. Maneno kama "isipokuwa", "si kweli" na "lazima" yapigie mstari, kwa sababu mtu aliyejiandaa vizuri anaweza kukosa swali analolijua kwa kulisoma kinyume.

Ukibakiwa na muda, rudi kwenye maswali uliyoyatilia shaka. Utasikia watu wakisema jibu la kwanza lisiguswe. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake walichapisha uchunguzi wa karatasi za wanafunzi zaidi ya 1,500 wa saikolojia, wakihesabu palipofutwa. Nusu ya mabadiliko yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye usahihi. Robo tu yalitoka kwenye usahihi kwenda kwenye kosa. Yaliyobaki yalihama kosa moja kwenda jingine. Tunaogopa kubadili kwa sababu lile jibu tulilokuwa nalo tukaliacha linauma muda mrefu, na yale tuliyoyaokoa kwa kubadili tunayasahau. Basi badili ukiwa na sababu unayoweza kuitaja: neno ulilolisoma vibaya, duara ulilolichora upya, mstari wa kifungu uliokuwa hujauona. Ukikosa sababu na umebaki na woga tu, liache lilivyo na ukabidhi karatasi.